Leo Usikate, Titus

Watekaji wenyewe walikuwa wawili, na kama kuna mahali watu hufundishwa kuteka, basi hawa walifukuzwa siku ya kwanza kabla ya chai ya saa nne.

Walimkamata Mukai mchana kweupe, akitoka mazoezi ya kwaya, kwenye kijia cha vumbi nyuma ya kanisa, pale Machakos mjini. Yule mnene alimziba mdomo kwa kiganja kilichonuka vitunguu. Yule mrefu akakimbilia gari, akafungua mlango wa mbele, akaufunga, akafungua wa nyuma, akakuta kiti kimejaa makreti ya soda. Akageuka, akasema, "Ngoja kidogo." Ngoja kidogo! Msichana wa miaka kumi na saba amekabwa, moyo unataka kutoka kwa mdomo, halafu anaambiwa asubiri makreti yapangwe. Mukai aliogopa, hilo halina mjadala, lakini katikati ya ile hofu aliona haya. Aliona haya kutekwa na watu wa namna hii.

Mwaka ulikuwa 2007, mwaka wa uchaguzi, na huko Ukambani kila ukuta, kila mti na kila mlango wa choo ulikuwa na uso wa mtu anayeomba kura. Uso uliobandikwa zaidi ulikuwa wa Festus Kitonga, baba yake Mukai. Kitonga alikuwa na duka la mabati na misumari, tumbo la kutosha watu wawili, na suti ya rangi ya krimu aliyoivaa hata kwa matanga. Alikuwa anatafuta ubunge. Mpinzani wake, Wathome, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu mwenye koti moja na posho mill moja ya kusagia unga kando ya uwanja wa soko. Watu walikuwa wanakula pilau ya Kitonga, wanajifuta midomo, kisha wanaenda zao wakiimba nyimbo za Wathome. Kitonga alikuwa akirudi nyumbani kila jioni amenuna, anapiga meza ngumi, anauliza ni nini hawa watu wanataka. Mkewe, Kavutha, aliwahi kumjibu kwamba pengine wanataka mtu anayewasalimu. Kitonga akaipiga meza tena.

Basi gari likaondoka na Mukai ndani, makreti ya soda miguuni, kuelekea pande za Lukenya. Watekaji walikuwa wamevaa zile kofia za marvin, za sufu zenye matundu ya macho, katika jua lile la kukaanga ngozi, na jasho lilikuwa linawatiririka mpaka shingoni. Njiani yule mnene akakumbuka kitu. Alikuwa amesikia kwamba mateka akiwa na vitu vyake, polisi humpata. Akachukua mkoba wa Mukai, akautupa nje ya dirisha, ukaangukia kwenye miba. Ila simu akaitoa kwanza, maana ilikuwa nzuri, ya rangi.

"Dawa yangu!" Mukai alilia. "Niko na pumu! Dawa iko kwa mkoba!"

Yule mnene aliangalia nyuma, akaona mkoba umeshapotea kwenye vumbi. "Sasa si ungesema mapema," akasema, kwa uchungu, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

Walimpeleka kwenye kibanda cha mabati katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Hebu fikiria. Dunia nzima ina nyumba, ina vichaka, ina mapango, lakini mtoto mwenye pumu wakaona wamlaze kwenye vumbi la mawe. Kila alipovuta pumzi, unga mweupe ulipanda. Mukai aliketi juu ya gunia, akavuta hewa kidogo kidogo kwa pua, jinsi mama yake alivyomfundisha, na akajiambia kwamba Baba atakuja. Baba ana magari, ana vijana, ana sauti. Baba hatakubali. Alishikilia neno hilo kwa nguvu zote, na kifua kilikuwa kimeanza kupiga filimbi.

Jua lilipolegea, bibi mmoja mzee alipita na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Akaona gari, akasimama. Yule mnene akaruka ndani kumziba Mukai mdomo. Yule mrefu alibaki nje mlangoni, na marvin yake, kama sanamu.

"Wakya?" bibi akasalimu.

Sasa hapo ndipo malezi mema yanaweza kumponza mtu. Mkamba aliyelelewa vizuri hasalimiwi na mtu wa umri wa nyanya yake akajibu akiwa amejifunika uso. Yule mrefu aliivua marvin palepale, akainamisha kichwa, akajibu kwa heshima zote, "Aa, Susu."

"Mnafanya nini hapa, wana wangu?"

"Tunalinda mawe, Susu."

Bibi aliangalia yale mawe, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaiba tangu dunia iumbwe, akatikisa kichwa na kwenda zake. Lakini kwenye mabati kulikuwa na tundu la msumari, na kupitia tundu hilo Mukai alikuwa ameuona ule uso mzima, pengo la jino na yote. Alikuwa Titus. Titus wa spika! Yule anayepanda juu ya lori kufunga spika na kuvuta waya katika kila mkutano wa Baba, anayesema "testi, testi, moja mbili" mpaka mbwa wanabweka. Titus aliyekunywa chai jikoni kwao Jumapili iliyopita na kuongezewa mandazi.

Mukai alifikiri haraka. Titus ni wa Baba, kwa hiyo Titus amenunuliwa. Wathome amemnunua? Yule mzee wa koti moja, amnunue mtu na nini, unga? Haikuingia akilini.

Walileta chakula, chapati na soda kutoka kwa yale makreti. Na kabla ya kula, usicheke, yule mnene, ambaye Titus alikuwa tayari amemwita Nzomo kama mara kumi, alikunja mikono na kusema wageni ndio huombea chakula. Mateka aombee chakula! Mukai aliwatazama wote wawili, marvin zimekunjwa mpaka juu ya pua ili midomo ipate nafasi. Akafumba macho.

"Ee Mungu," akasema, na pumzi yake ilikuwa inakatika, "wape hawa watu akili. Hata kidogo tu. Amina."

"Amina," wakajibu kwa pamoja, wakaanza kutafuna.

Lakini hakuimaliza chapati. Kifua kilikaza. Ile filimbi ikawa nyembamba, mabega yakaanza kupanda na kushuka, vidole vikageuka rangi. Titus aliacha kutafuna.

"Nzomo, huyu mtoto anakufa."

"Hafi. Anaigiza."

"Anaigiza na kucha za bluu? Nampigia bosi."

Alitoa simu yake, ile yenye tochi, akaibonyeza. Ilikuwa imezima. Haikuwa na chaji tangu jana, kwa sababu bingwa huyu alikuwa ameitumia tochi yake kutafutia makreti ya soda. Ya Nzomo ilikuwa imekaliwa na Nzomo mwenyewe, kioo vipande vipande. Ikabaki simu ya Mukai. Titus akatoa laini yake, akajaribu kufungua ile simu nzuri ya rangi, akashindwa. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Mwishowe akampa mwenyewe.

"Nisaidie kufungua hapa nyuma," akasema, kwa upole.

Na Mukai, akipumua kwa taabu, alimfungulia, akamtolea laini yake, akamwekea ya kwake. Titus akabonyeza namba aliyoijua kwa kichwa. Akaiacha ilie mara moja, akakata.

"Unafanya nini?" Nzomo akauliza.

"Naflash. Nina credit ya kuflash tu."

Naam. Msichana anakufa kwenye gunia, na mtekaji wake amemflash bosi, sasa anangoja apigiwe. Wengine wakizaliwa huwa wamepewa kichwa cha kubebea kofia.

Simu ikalia. Ikalia mlio wa kengele, zile kengele tatu laini, na Mukai akainua kichwa. Mlio ule alikuwa ameuweka yeye mwenyewe kwa ajili ya namba moja tu duniani, ili ajue kuitika haraka hata akiwa darasani. Majina ya simu yake yalikuwa yamehifadhiwa kwenye simu, hayakuwa kwenye laini. Titus alibadilisha laini lakini majina yalibaki palepale. Na sasa kwenye kioo, kwa herufi kubwa, mbele ya macho yake, ilikuwa imeandikwa BABA.

Ilikuwa laini ya nyumbani. Kitonga alikuwa na simu ya kampeni, iliyoshikwa na wapambe, na hii nyingine iliyokaa ndani ya koti, ambayo ilijulikana na Kavutha na Mukai na watu wa kuhesabika. Titus aliona lile jina, akaifunika simu kwa kiganja kama mtoto aliyekutwa na sukari, akageuka ukutani.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Anaumwa, Mheshimiwa. Ni kifua, na dawa tumeitupa. Tumrudishe?"

Kitonga hakuwahi kuzungumza polepole kwenye simu maishani mwake. Sauti ilijaa kibanda kizima.

"Umrudishe umwambie nani? Kesho kuna mkutano! Avumilie. Hatakufa."

Ikakatwa.

Hakuna neno la kupamba jambo kama hilo. Mukai aliumia. Aliumia kuliko kifua, kuliko hofu, na kwa muda aliona heri pumzi ikome tu, yaishe. Kisha ikaja hasira, na ile hasira ilikuwa na dharau ndani yake. Yaani ni hivi tu? Ni kwa sababu ya kura? Huyu mtu mwenye suti ya krimu, anayepanda madhabahuni kila Jumapili kuchangia paa la kanisa, ameshindwa na mzee wa posho mill, akaamua kukodi watu wamteke mtoto wake mwenyewe!

Titus alisimama pale akimwangalia. Hakujua kama msichana amesikia. Alijikuna kichwa, akaangalia mlango, akamwangalia tena. Kisha, bila kumuuliza Nzomo, akambeba Mukai kutoka ndani ya lile vumbi, akamketisha nje kwenye hewa safi, mgongo kwenye gurudumu la gari. Akawasha moto kwa mbao za dirisha, akachemsha kahawa nyeusi tii kwenye kopo, akaimimina kwenye kifuniko.

"Kunywa, mwana. Mama yangu alikuwa na hii shida. Kunywa ikiwa moto."

"Bosi amesema avumilie!" Nzomo akafoka.

"Bosi hayuko hapa," Titus akajibu, na hilo ndilo lilikuwa jambo la pekee la maana alilosema tangu mchana.

Mukai alikunywa. Ilikuwa chungu na yenye majivu. Taratibu kamba ya kifuani ikalegea, na akamtazama yule mjinga aliyepiga magoti mbele yake akipuliza kahawa. Hakumsamehe. Alimweka kando tu, kama mtu anavyoweka kando kitu ambacho atakirudia.

Siku iliyofuata akaokolewa. Ah, uokoaji gani ule! Walimwacha kando ya barabara ya kuelekea Konza, chini ya mgunga, wakakimbia. Msafara wa Kitonga ukaja na honi, Kitonga akashuka mbio na suti yake, akamkumbatia. Kisha yule kijana wa kamera akasema hakuwa tayari, kifuniko kilikuwa kwenye lenzi. Kitonga akarudi kwenye gari, akashuka mbio mara ya pili. Safari hii alilia.

Na hapo ndipo alipotia mkono mfukoni akatoa inhela, ile dawa ya pumu ya kuvuta. Mpya, ndani ya karatasi yake. Aliishika juu kidogo, kamera ikaona vizuri, kisha akampa mwanawe.

"Vuta, mama. Baba yuko hapa."

Mukai alivuta. Dawa ilimwingia kifuani na akahesabu kichwani kwamba mtu hawezi kujua dawa imepotea kabla hajaambiwa. Baba alijua tangu jana. Aliinunua, akakaa nayo mfukoni, akangoja kamera.

"Watu wanakungoja sokoni," Kitonga alimwambia ndani ya gari, mlango ulipofungwa na machozi yakakauka. "Utasema kidogo tu. Utasema walikuwa wanataja jina la Wathome. Umesikia? Wathome. Hayo mengine niachie."

"Na watu wakimfanyia kitu?"

"Watu ni watu," akasema baba yake, akajipangusa shingo.

Uwanja wa soko ulikuwa umefurika. Wale wale waliokula pilau na kuimba nyimbo za Wathome sasa walikuwa wanalia kwa ajili ya Kitonga, watu bure kabisa, kama bendera vile, upepo wowote ni wao. Vijana walikuwa tayari wameizunguka posho mill, mawe mikononi, na mzee Wathome alikuwa amejifungia ndani na mkewe. Neno moja tu lilikuwa linangojwa. Lingetoka kwenye mdomo wa Mukai.

Alipandishwa juu ya lori. Mama yake, Kavutha, alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamtegea kifua sikio, na Mukai alijua papo hapo kwamba mama hakuwa anajua lolote. Kitonga akamsogezea maikrofoni mdomoni, lakini hakuiachilia, aliishika yeye, karibu na kifua chake.

Na pale chini, kando ya gurudumu, ameshika waya, amevaa shati lile lile la jana, alikuwa Titus. Alikuwa amekuja kazini! Kumteka mtoto wa mtu jana hakukumzuia kuja kufunga spika leo, maana kibarua ni kibarua. Mukai alikaribia kucheka.

"Walionishika walikuwa wawili," alisema. Spika zikanguruma mpaka ukutani mwa posho mill. "Mmoja ni huyu hapa wa spika. Titus."

Kitonga alishtuka. Watu walichelewa kidogo kuelewa, kisha wakaelewa kwa pamoja, na mikono ikamfikia Titus kutoka kila upande. Marungu yakainuliwa. Mtu akaitisha petroli, mwingine akaitikia kwamba tairi iko. Titus alipiga kelele akiangalia juu.

"Mheshimiwa! Si uwaambie! Mheshimiwa!"

Kitonga aliutazama umati, akamtazama Titus, akavuta maikrofoni kwake.

"Mimi simjui mtu huyu," akasema. "Fanyeni mnavyojua."

Alisema hivyo bila hata kubadilisha sauti. Mukai alimwona Titus akilegea, macho yamemtoka, bado anangoja kwamba labda Mheshimiwa ataendelea na kusema lingine. Hapo akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, juu ya mkono wa baba yake, akaivuta mdomoni kwake.

"Ngojeni! Huyu ametumwa! Hamtaki kujua bosi wake ni nani? Mpeni simu yake ampigie!"

Hakuna umati unaokataa kitu kama hicho. "Apige! Apige!" wakaitikia. Simu yenye tochi ikatolewa mfukoni mwa Titus, safari hii ina chaji na credit, akasukumiwa mkononi. Kitonga alikuwa ameanza kugeuka, mkono unatafuta mfuko wa ndani wa koti, lakini vidole vinene havina haraka.

"Titus," Mukai akasema kwenye spika. "Leo usikate."

Titus akabonyeza.

Ndani ya suti ya krimu ukalia wimbo wa kanisa, ule wa kukusanya sadaka. Maikrofoni ilikuwa hapo hapo kifuani, na zile spika ambazo Titus alizifunga vizuri asubuhi zikaupeleka sokoni kote, mpaka kwa wauza viatu, mpaka kwenye mlango wa posho mill. Kitonga alipiga mfuko kwa kiganja. Ukaendelea kulia. Alipoichomoa simu, Mukai aliinyakua, akabonyeza, akaiweka kwenye maikrofoni.

Na Titus, aliyezoea kuongea akipokelewa, hata akiwa ameshikwa kola na watu wanne, akafanya kama afanyavyo siku zote.

"Haloo, Mheshimiwa," akasema. Sauti ikatoka kubwa juani. "Ni mimi, Titus."

Mama mmoja muuza nyanya akaangua kicheko, kile cha kushika kiuno, na kikasambaa. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Waliomshika Titus walimwachia ili wapate nafasi ya kucheka vizuri, na Titus, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alijua la kufanya, akatokomea katikati ya vibanda. Mawe yalidondoka mikononi mwa vijana walioizunguka posho mill. Askari wawili waliokuwa kwenye kivuli walianza kusogea kwenye lori, polepole, wakifunga vifungo.

Kavutha alikuwa ameshateremka. Alisimama chini, akamnyooshea bintiye mkono, na hakumtazama mumewe.

Kitonga aling'ang'ania ukingo wa lori, uso umelowa, anahema kwa mdomo. Kicheko kilikuwa kinapanda kutoka kila upande.

"Mukai," akanong'ona. "Mama. Usiniache hapa. Nitakufa na hii aibu."

Mukai alimtazama kutoka viatu mpaka kichwani. Alitoa ile inhela mfukoni, akaiweka kwenye mkono wa baba yake, akamkunjia vidole.

"Vumilia, Baba," akasema. "Hutakufa."

Akashuka kwenye lori, akamshika mama yake mkono, wakaenda nyumbani kwa miguu.